Pumzi ya Kuazima

"Vuta pumzi taratibu," alisema Shangazi. "Usiifukuze hofu. Iangalie inavyokuja, iangalie inavyokwenda. Wewe upo hapa."

Kina mama tisa wakavuta pumzi. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya plastiki, migongo ukutani, kila mmoja na kibandiko chake chini ya titi la kushoto, kila mmoja akijitahidi kuwa hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao kutwa nzima: kuwa hapo, na kutulia. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa wodi ya watoto njiti, masanduku ya joto tisa kwenye mstari, na ndani ya kila sanduku mtoto mmoja aliyekuwa akipumua kwa kumfuata mama yake.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ya kike iliyotoka kwenye kidude cha sikioni, laini, yenye Kiswahili kilichopigwa pasi, na kina mama walimpa jina hilo kwa sababu alijua kila kitu na hakuchoka kushauri. Waliomtengeneza walikuwa mbali, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukalia mkeka ule.

Atuganile alikuwa katika siku ya kumi na moja tangu ajifungue. Kabla ya kujifungua alikuwa mwendesha mitambo kwenye kiwanda cha kukaushia chai, mwanamke wa kuangalia mishale ya joto, na mshale ukipanda alijua pa kushika. Hapa mshale ulikuwa yeye mwenyewe, na hapakuwa na pa kushika. Ukutani mbele yao palikuwa na kioo cha mtambo chenye mistari tisa, mmoja kwa kila mama. Wa kwake ulikuwa wa njano, ukitetemeka. Alijikaza. Akamfikiria mwanawe, gramu mia sita na arobaini, mtoto ambaye bado hakuwa na jina ila lile lililoandikwa kwenye sanduku, *Mtoto wa Atuganile*. Akavuta, akatoa. Mstari ukaanza kushuka. Ukawa wa kijani kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na mwanamke aliyekaa kando yake akamgusa goti kumpongeza.

Ndipo Shangazi akamnong'oneza yeye peke yake, kwa sauti ya kubembeleza:

"Vizuri sana, Mama. Mtoto wako amepumzika."

Sasa, yeyote aliyekulia katika nchi hii anajua maana ya neno lile. Mtoto akisinzia, amelala. Mtu akichoka na kukaa kivulini, anapumzika. Aliyepumzika ameandikiwa hivyo kwenye msalaba, ametangazwa redioni baada ya taarifa ya habari, ndugu na jamaa popote walipo wamekwisha kupata habari. Kati ya *na* na *me* ndimo lilimo kaburi. Shangazi hakufundishwa hilo.

Atuganile alipiga yowe ambalo lilisikika mpaka chumba cha dawa. Mstari wake ukaruka juu ukawa mwekundu. Na upande wa pili wa ukuta, katika sanduku namba sita, mtoto aliyekuwa akipumua vizuri kabisa akaacha kupumua.

*

Dakika nne na sekunde kumi. Sista Skolastika alizihesabu kwa sauti huku akimpigapiga yule mtoto unyayoni kwa ukucha, kama walivyofundishwa wauguzi tangu zamani kabla mashine hazijaja. Mtoto alikuwa amegeuka rangi ya zambarau. Katika dakika ya tano akapiga chafya, akavuta hewa, akaanza tena, hovyohovyo, kwa kusuasua.

Atuganile aliyaona yote hayo kupitia dirisha la kioo la wodi. Hawakumruhusu aingie. Walimvua kibandiko kwa nguvu ili hofu yake isiendelee kumwingia mtoto, na wakamshika mikono.

Baadaye, kwenye kiofisi kidogo kilichonukia spiriti, wakamkalisha. Alikuwepo Sista Skolastika, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na fundi wa mitambo, Mwakatobe, kijana mpole aliyekuwa akiangalia viatu vyake.

"Lakini ni Kiswahili sanifu," Mwakatobe alisema. "Nimeangalia. Sentensi haina kosa."

"Mama yako akilala mchana, wewe unasema amepumzika?" Sista akamuuliza.

Mwakatobe akatikisa kichwa.

"Basi rekebisha."

"Nimesharekebisha, Sista. Sasa hivi atasema *anapumzika*. Hospitali zote."

"Na mwanangu?" Atuganile akauliza. "Nirudishieni kibandiko. Nimetulia sasa."

Hakuwa ametulia, meno yalikuwa yakigongana. Wale wawili wakatazamana.

Mtambo ule uliitwa Kiunga, kwa kifupi cha kiungamwana, ule utepe wa kitovu unaokatwa mtoto akizaliwa. Zamani mtoto njiti alisukumiwa hewa kwa mpira, na ile hewa ilimchana mapafu yaliyokuwa bado laini. Kiunga hakisukumi. Kinachukua mwendo wa kifua cha mama na mapigo ya moyo wake, kinautia kwenye godoro dogo analolalia mtoto, na mtoto anaufuata, kwa sababu huo ndio mwendo aliouzoea tumboni. Akisahau kupumua, mwili wa mama unapokea dalili kupitia kibandiko na kuvuta pumzi nzito bila mwenyewe kujua, naye mtoto anakumbuka. Walijaribu kurekodi pumzi za mama na kumchezea mtoto. Watoto walizifuata siku mbili, kisha wakaziacha. Walitaka mtu anayewajibu. Na ilibidi awe mwanamke aliyejifungua karibuni, ndani ya arobaini, kwani baada ya hapo mwili unakuwa umekwisha kusahau lugha ile. Wazee waliokuwa wakiwafungia wazazi ndani siku arobaini walicheka sana waliposikia wataalamu wamegundua jambo hilo.

Tatizo lilikuwa moja. Mama akiogopa, mtoto anaifuata hofu.

"Hiyo ni nyekundu yako ya tatu, mama," Sista alisema taratibu.

Ya kwanza ilikuwa siku aliyomwona mtoto kwa mara ya kwanza, ngozi yake nyembamba hata mishipa inahesabika. Ya pili ilikuwa siku mumewe Gwakisa alipofika kutoka safari, akatazama ndani ya sanduku, akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi. Tangu hapo Gwakisa alipigwa marufuku kuingia, na salamu zake zikawa zinaletwa kwa mdomo, baada ya kuchujwa.

"Hii ya tatu si yangu," Atuganile akasema. "Ni ya kwenu. Ni ya mashine yenu."

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

"Mtambo hauulizi ni ya nani," Mwakatobe akasema, bado akitazama viatu. "Unahesabu tu. Zikifika tatu unafunga. Mimi siwezi kuufungua, naapa. Hata mkurugenzi hawezi. Wameuweka hivyo ili sisi tusije tukaonea mtu huruma."

Mtoto alikuwa wiki ya ishirini na sita. Angeweza kupumua mwenyewe akifika ya ishirini na tisa. Kati ya hapo ilitakiwa pumzi ya mtu mwingine. Wale kina mama wanane walikuwa na watoto wao wenyewe, na kifua hakibebi wawili. Mama yake Atuganile, aliyekuwa akilala kwa jamaa mjini, alikimbilia kusema yeye ataitoa, akafunua kifua pale pale. Wakambandika wakijua haitafaa, na haikufaa. Alikuwa ameivuka arobaini yake ya mwisho miaka ishirini na minne iliyopita.

"Yupo mmoja," Mwakatobe alisema hatimaye. Alisema kwa aibu, na Sista akageuza uso dirishani.

*

Aliitwa Bupe. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na binti yake alikuwa amefia kwenye sanduku namba mbili wiki mbili zilizopita, siku ya tatu ya kuzaliwa kwake, kati ya zamu mbili, wakati mtambo ukiwa umezimwa kufanyiwa usafi. Walimzika kijijini kwao. Katika vurugu zile hakuna aliyekumbuka kumvua kibandiko.

Kikabaki kifuani kwake. Akaoga nacho, akalala nacho, akaketi nacho msibani. Na muda wote huo kikaendelea kuleta habari zake hospitalini kupitia simu yake, na mtambo ukaendelea kuziandika: siku kumi na tatu za kijani, usiku na mchana, mstari umenyooka moja kwa moja. Hakuna mama yeyote katika historia ya Kiunga aliyewahi kutulia namna ile. Mtambo ulifurahi, ukamtumia ujumbe wa pongezi. *Hongera, Mama Bupe. Wewe ni mfano wa utulivu.* Yeye aliusoma akaweka simu chini.

Walipomfuata hakusumbua. Alikuja siku ile ile, amejifunga kanga nyeusi, akaketi kwenye kitanda cha chumba cha mwisho cha baraza. Atuganile aliingia kumshukuru na hakujua aanzie wapi.

"Sijui nikwambie nini, mwenzangu," alisema.

"Usiseme kitu." Bupe aliongea kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Hiki kifua kimekaa bure. Chukueni tu."

Saa nane mchana wakaunganisha. Atuganile alisimama kwenye kioo cha wodi, mkono mdomoni. Mwanawe, aliyekuwa akipumua kwa kukurupuka tangu asubuhi, akatulia kidogo kidogo. Mbavu zake zikapanda, zikashuka. Zikapanda, zikashuka. Oksijeni ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika katika siku zote kumi na moja alizokuwa akimfuata mama yake.

Atuganile alifurahi, na wakati huo huo wivu ukamchoma. Mtoto wake alikuwa amependa pumzi ya mtu aliyekufa moyo. Alitamani kumnyang'anya. Alitamani kumpigia Bupe magoti. Akabaki amesimama pale pale mpaka miguu ikafa ganzi.

"Sheria ni moja," Sista alimwambia akimpeleka kwenye kiti. "Huyu anayetoa haambiwi habari za mtoto. Nzuri wala mbaya. Hapelekwi kwenye kioo cha wodi, haonyeshwi picha. Tumaini na hofu vikifika kifuani ni kitu kimoja, mama. Vyote vinakimbiza moyo."

Siku za kwanza ilikuwa rahisi, maana Bupe hakuuliza. Alikula nusu ya alichopewa, akalala, akaamka, akatazama ukuta. Atuganile, ambaye sasa hakuwa na kazi yoyote duniani, alimpikia uji, akamfulia, akamchana nywele. Ndicho alichoweza. Wale kina mama wanane wakiingia kwenye mikeka yao na Shangazi, yeye alibaki nje ya mlango, akisikia jinsi wenzake walivyokuwa wakivuta na kutoa.

*

Siku ya sita, muda wa kutembelea wagonjwa, Sista Skolastika alimkuta akianika nguo nyuma ya jiko.

"Njoo nikuonyeshe."

Juu ya mlango wa chumba cha Bupe palikuwa na kioo kidogo. Mstari ulikuwa wa kijani, lakini si ule wa kunyooka. Ulikuwa na vilima. Kimoja kilikuwa kimegusa njano.

"Ni tangu jana," Sista alisema. "Amemaliza chakula chote. Asubuhi ameniuliza ni wa kike au wa kiume."

"Umemjibu?"

"Sikumjibu. Lakini hata kutokujibu ameona ni jibu. Ameanza kupona, mama. Anaanza kumpenda."

Atuganile akauliza: "Akifika nyekundu?"

"Yule wa ndani atashtuka naye. Ile asubuhi alipigana akatoka. Daktari anasema hatapigana tena, mapafu hayajasahau." Sista alivua miwani akaifuta kwenye aproni, ingawa haikuwa chafu. "Zimebaki siku kumi na tano. Mwingine hatuna. Nimepiga simu mpaka mikoa ya jirani."

"Nifanye nini?"

"Mimi nina kiapo. Siruhusiwi kumdanganya mgonjwa, na Bupe ni mgonjwa wangu, ameandikishwa." Akairudisha miwani usoni. "Wewe huna kiapo. Sikuagizi kitu, mama. Nakuonyesha tu mstari."

Akaondoka, viatu vyake vikiburuta kwenye sakafu. Atuganile alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na alijua kwamba yule mama wa watu alikuwa amemaliza kila alichoweza.

Akasimama nje ya mlango. Alijaribu yale aliyofundishwa: iangalie hofu inavyokuja, iangalie inavyokwenda. Ilikuja, haikwenda. Akasukuma mlango.

Bupe alikuwa ameketi kitandani, miguu imekunjwa, ameivua ile kanga nyeusi mabegani. Mikononi alikuwa na sindano mbili za kufumia na uzi wa sufu wa rangi ya ndizi mbivu. Alikuwa akifuma kofia. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeenea kwenye chungwa.

"Mama mmoja wa wodi ya pili kanipa uzi," alisema, na akatabasamu. Atuganile hakuwa amewahi kuyaona meno yake. Alikuwa na mwanya. "Nilisahau kama najua kufuma. Keti. Niambie kitu kimoja tu, halafu siulizi tena. Ana nywele?"

Alikuwa nazo. Alikuwa na nywele laini za kahawia, zimelala upande mmoja, na jana alikuwa amefumbua jicho la kushoto kwa mara ya kwanza akalifumba tena kwa hasira, na wauguzi wote walikuwa wamecheka. Uzito ulikuwa umefika mia saba na kumi. Maneno hayo yote yalikuwa kinywani kwa Atuganile, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyestahili kuyasikia kama mwanamke yule. Hata Gwakisa hakustahili kiasi kile.

"Mwenzangu? Ana nywele?"

Kioo kingine kilikuwa ndani, juu ya kichwa cha Bupe, mahali ambapo yeye hakukiona. Mstari ulikuwa wa njano sasa, na ulikuwa ukipanda.

Atuganile akaketi. Akashusha macho, akayatazama magoti yake, na akasema kwa sauti ya chini:

"Madaktari wamesema tusitegemee."

Sindano zikasimama.

"Wamesema lini?"

"Asubuhi. Wamesema ni siku tu. Anaweza kufika wiki ijayo, anaweza asifike."

Hakutazama uso wa Bupe. Alitazama kile kioo. Aliona kilima kimoja, kirefu. Kisha mstari ukaanza kuteremka. Ukaiacha njano. Ukaingia kijani. Ukaendelea kulala, polepole, mpaka vilima vyote vikaisha.

Ilichukua kama dakika moja. Alipogeuza macho, Bupe alikuwa amerudi kuwa yule aliyekuja siku ya kwanza. Hakuwa analia. Alikuwa ametoa sindano kwenye ile kofia na kuziweka kando, akatafuta ncha ya uzi, akaivuta. Kofia ikaanza kufumuka mstari kwa mstari.

"Pole, mwenzangu," alisema.

"Nimeshapoa," Atuganile akajibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu akipewa pole, na mdomo ulitangulia kabla yeye hajafikiri.

"Usiwaambie wanivue kibandiko." Bupe aliendelea kuvuta uzi. "Najua watataka kunionea huruma. Wakatalie. Wangu alikwenda wakati wa zamu kubadilishana, mtambo umezimwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua naye. Wako hatakwenda hivyo. Nitampumulia mpaka mwisho kabisa. Unanisikia? Hatakuwa peke yake."

Atuganile angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha, ana nywele, za kahawia, amefumbua jicho. Akautazama mstari. Ulikuwa wa kijani kibichi, umenyooka kama ulivyokuwa katika zile siku kumi na tatu, na upande wa pili wa baraza mtoto wake alikuwa akiufuata.

"Nakusikia," alisema. "Asante."

Uzi ulikuwa unajikunja miguuni pa Bupe, unataka kufunga mafundo. Atuganile akauokota, akaketi karibu naye, akaanza kuuzungusha kwenye vidole ili usiharibike.